Filta ya nje ya dizeli kwa Fuso, nichukue ya mikroni ngapi?

fuso_kirumba: Wakuu habari, nina Fuso inabeba dagaa toka Mwaloni, Mwanza kwenda Shinyanga, mafuta ninayopata njiani mara nyingine yana maji mpaka gari inazima kwenye kilima. Nataka nifunge filta ya nje ile yenye bakuli la kuona maji, dukani kuna za mikroni (udogo wa matundu yake) 2, 10 na 30, muuzaji anasema 2 ndo safi zaidi. Ni kweli?

Fundi Igoma: Huyo anataka hela yako tu. Hiyo inakaa kati ya tenki na pampu, hapo pampu inavuta haisukumi, ukiweka 2 itaziba mapema na gari itakosa nguvu. Weka 30 au 10, kazi ya mikroni ndogo iachie filta ya injini. Kwa filta za kampuni ya Racor 30 ni nyekundu, 10 bluu, 2 kahawia, ila feki zipo nyingi kuwa makini.

mzee_wa_semi: Cheki na lita kwa saa ambazo filta inapitisha bosi, watu wanasahau hii, pampu inavuta mafuta mengi kuliko injini inayochoma, mengine yanarudi tenki.

fuso_kirumba: Asante, naifunga wapi sasa?

Fundi Igoma: Kwenye chesisi sehemu unayofikia kwa mkono, asubuhi kabla hujawasha fungua koki ya chini maji yatoke. Klipu kaza vizuri, ikivuta hewa utapiga starti mpaka betri iishe halafu utasingizia nozeli bure. Ila tenki lioshe kwanza.