Zabibu, zabuni, mvinyo, divai: nani ndugu wa nani?

Mkulima wa Hombolo
Mbukwenyi, ndugu zangu. Juzi nauza zabibu zangu barabarani, akasimama mzee aliyewahi kuishi Oman. Akaonja, akasifia, kisha akasema: "Ila kijana, hizi si zabibu, ni inabu." Nikajua anatafuta kupunguziwa bei ya ndoo. Jirani yangu wa genge la pili, asiyekosa jibu, akadakia kwamba zabibu na zabuni ni neno moja, na mvinyo ni Kibantu safi kwa sababu ya ile m-. Eti cha kizungu ni divai peke yake. Wajuzi, nisaidieni.

Bibi Mwalimu, Mpwapwa
Mbukwa, mwanangu. Mzee hakukudanganya. Kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokwisha kukaushwa, likiwa bichi ni inab. Sasa jiulize, jahazi kutoka Arabuni lingefikishaje pwani tunda bichi bila kuoza? Nadhani yalifika makavu, na jina likabaki kwa yote. Leo dukani twaomba "zabibu kavu", Mwarabu akisikia anacheka, maana kwake tumekausha mara mbili! Bango lako usilibadilishe. Mbona mapera tunayala? Pera ya Mreno ni lile tunda tuliitalo peasi.

Zabuni haimo kabisa. Kwa Kiarabu zabun ni mteja, mnunuzi. Sikiliza konsonanti za maneno hayo mawili: z-b-b na z-b-n. Katika Kiarabu hizo ni koo mbili.

Na ile m- isimdanganye jirani. Kitabu ni Kiarabu, kitab, lakini tulipoona ki- tukasema vitabu. Mvinyo ni vinho ya Wareno, tumeivalisha tu.

Boda wa Kongwa
Shikamoo bibi. Mbona kwenye arusi ya Kana tunasoma "Hawana divai"? Mvinyo uliisha wapi? 😄

Bibi Mwalimu, Mpwapwa
Marahaba. Divai ni Kifaransa, du vin. Ile di- ni hiyo du imegandia mbele. Vin na vinho zote ni watoto wa vinum ya Kilatini. Kwa hiyo jirani amewatenga ndugu wa damu, akaozesha wasiojuana.

Mgeni Area D
Basi karata na karatasi nazo hazijuani?

Bibi Mwalimu, Mpwapwa
Hizo zinajuana sana! Karata imepita kwa Wareno, carta. Karatasi imepita kwa Waarabu, qirtas. Bibi yao ni mmoja, Mgiriki, khartes. Hata kadi ya Mwingereza imo humo. Ndiyo maana sikubali kuambiwa "yanafanana" au "hayafanani". Niambie neno limepitia mlango gani.

Mkulima wa Hombolo
Shikamoo bibi, na asante. Nimemsomea jirani yote. Mvinyo amekubali, zabuni amekataa katakata, na anasema mimi na wewe tumekula njama.