Kufufua Land Rover 109 ukiwa nyumbani: tupeane uzoefu, watu wa Arusha na Moshi

Chuma_Njiro
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wenye Land Rover za zamani, Series II, IIA na III, hasa zile 109 (ndefu, inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ambazo bado zimelala nyuma ya nyumba kuanzia Usa River mpaka Marangu. Tuweke vitu vya kufanyia kazi: vipimo, vipuri, kinachoharibika na kwa nini. Picha za rangi inayong'aa zisubiri.

Naanza na chasisi, maana ndipo gari inapofia. Bodi ni alumini, haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo mnunuzi anaona gari nzima kumbe chini kumekwisha. Chasisi ni boksi la chuma na inaoza kutokea ndani, maji na tope vikikwama. Gonga kwa nyundo ndogo: boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito na unga wa kutu unamwagika. Bisibisi ikizama, kata mpaka ufikie chuma safi. Kiraka kikichomewa juu ya kutu kinaficha tu, na welding yenyewe haishiki.

Kabla ya kukata, gari ikae sawa juu ya stendi nne, si jeki. Pima mshazari, kutoka tundu la springi mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha upande wa pili. Vipimo visipolingana, chasisi imepinda, inyooshwe kwanza. Tumia bati la milimita 2 hadi 3, chomea vipande vifupi kwa kupokezana pande, vinginevyo joto litaivuta. Chomoa betri na waya za alteneta. Tangi la petroli, ambalo kwa kawaida liko chini ya siti (kwenye station wagon liko nyuma), litoke nje ya gereji kabisa. Kulifunika gunia si usalama.

Ukimaliza, matundu ya kutolea maji yabaki wazi, na ndani pulizia nta ya kuzuia kutu. Oili chafu inayopendwa na wengi inachuruzika hadi kwenye bushi za springi na kulainisha mpira wake.

Dada_Spana (Sakina)
Naongezea pale alumini inapokutana na chuma. Penye unyevu, metali hizo mbili zinatengeneza umeme mdogo, na inayoliwa ni alumini. Ndiyo ule unga mweupe chini ya milango na kuzunguka bolti za madigadi. Usirudishe paneli chuma kwa alumini. Paka praima pande zote mbili, weka utepe wa mpira au silanti katikati, tumia bolti zenye zinki na washa za plastiki.

Paneli iliyobonyea isigongwe hivi hivi. Alumini ya zamani imekakamaa, inapasuka. Chukua sabuni ya mche, ipake upande wa nyuma, pasha moto upande wa mbele taratibu kwa moto wa gesi unaotembea. Sabuni ikigeuka nyeusi, acha paneli ipoe. Sasa alumini imelegea na unaigonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Ikianza kukakamaa tena, rudia. Ukipitiliza moto, alumini haiwi nyekundu kukuonya, inadondoka tu.

Na jamani, brashi ya waya ya chuma isiguse alumini. Inaacha chembe za chuma ndani yake, na baada ya muda rangi inatoka malengelenge.

Msasa_Majengo
Rangi kwa kifupi. Alumini tupu piga msasa namba 80, futa mafuta, paka epoksi praima siku hiyohiyo kabla haijajifunika tena na utando wake. Bodi fila iende juu ya epoksi, kamwe si juu ya praima ya asidi, itabanduka. Kisha praima ya pili, msasa wa maji namba 400 halafu 600, ndipo rangi.

Hapa kwetu hali ya hewa ina kauli. Masika, na asubuhi za Juni na Julai Arusha ikiwa na ukungu, tina inakauka haraka, uso wa rangi unapoa na kuvuta unyevu, rangi inafanya weupe kama maziwa. Subiri saa nne asubuhi hadi saa tisa, au tumia tina inayokauka polepole. Mwagia sakafu maji vumbi litulie, kisha acha yakauke kabla ya kupuliza.

Kabureta_Kijenge
Injini ya petroli ya lita 2.25 (cc 2,286) ni rahisi kuipenda. Nafasi ya tapeti zote (pale valvu zinaposukumwa), za kuingiza na za kutoa, ni inchi 0.010, sawa na milimita 0.25. Pointi za disbuta milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Bolti za hedi zikazwe kwa hatua hadi ratili-futi 65, kuanzia katikati kwenda nje.

Jambo ambalo gereji nyingi zinalisahau ni mwinuko. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 13. Kabureta iliyowekwa sawa Dar ikifika huku inatoa petroli nyingi kuliko hewa. Plagi zinakuwa nyeusi kavu na gari inachoka mlima wa kwanza. Punguza jeti kuu namba moja au mbili, kisha soma plagi baada ya safari ya barabara kuu. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayotaka. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo gari ya huko haihitaji punguzo kubwa hivyo.

Kama ni kabureta ya Zenith na sailensi (injini ikinguruma gari imesimama) haitulii hata ukizungusha skrubu, fungua mfuniko wa juu. Unapinda kwa sababu watu wanaukaza mno ukiwa moto. Laza msasa wa 400 juu ya kioo, sugua uso huo hadi uwe bapa, weka oringi mpya na gasketi.

Na tusisahau rejeta: kwa mwinuko huu maji wazi yanachemka karibu nyuzi 95. Mfuniko usioshika presha unatosha kuchemsha gari yenye rejeta nzima.

Mangi_Dizeli
Kabureta ya nini wakuu? Weka 200Tdi, ile dizeli ya turbo ya Land Rover, inashika kwenye kengele (nyumba ya klachi) ya gia boksi ya Series bila adapta. Mafuta kidogo, nguvu ya kutosha kupanda Marangu.

Chuma_Njiro
Mangi, sikatai, ila tumwambie mtu gharama kamili. Turbo inahitaji nafasi na bomba jipya la moshi, timing belt ibadilishwe kabla injini haijaingia, na gia boksi ya zamani haikuumbwa kwa nguvu hiyo. Ukikanyaga kwa hasira, hafushafti (shafti zinazozungusha magurudumu) ndizo zinalipa. Namba ya injini iko kwenye kadi, badiliko lipelekwe TRA. Na gari ikienda kasi zaidi, breki zije kwanza.

MzeePasua
Hapo kwenye breki ndipo nilikuwa nasubiri. 109 ina dramu za inchi 11, mbele kila gurudumu lina wili silinda mbili (silinda ndogo zinazosukuma viatu vya breki), na huko mbele kila kiatu kina kirekebishi chake. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kunawashinda wengi. Kaza virekebishi vyote hadi gurudumu ligome kuzunguka. Sasa toa upepo, ukianza gurudumu la mbali na masta silinda (ile inayosukumwa na pedeli), nyuma kushoto, ukimaliza mbele kulia. Baadaye legeza hadi gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

Tumia mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4 peke yake. Tone la oili ya injini linavimbisha mipira ya mfumo mzima. Na spana ya 13 isiguse nati ya nusu inchi: nusu inchi ni milimita 12.7, utaivua kona.

Dada_Spana (Sakina)
Mzee, shikamoo. Na kama upepo umetoka lakini pedeli bado inashuka?

MzeePasua
Marahaba, binti. Angalia inashukaje. Ikipanda ukipampu mara mbili na kubaki ngumu, viatu viko mbali na dramu, rekebisha. Ikiwa inadunda, bado kuna hewa. Ikiwa ngumu halafu ukiishikilia inazama polepole, na hakuna tone chini wala ndani ya dramu, mipira ya masta silinda imechoka. Toa silinda, ng'arisha ndani na upitishe kucha. Ukigusa mkwaruzo au shimo la kutu, usinunue mipira, nunua silinda.