Mdogo wangu aliamka miguu imekataa, sasa anataka kuacha dawa

Dada wa Nyalenda:
Hamjambo. Niko Kisumu. Mdogo wangu, miaka 29, hubeba magunia soko la Kibuye. Mwezi jana alipakua lori kutwa nzima, jioni akala ugali wa watu wawili na soda mbili, akalala. Saa kumi alfajiri akaniita: "Dada, miguu imekataa." Nikamfinya kidole gumba cha mguu, akasema anasikia uchungu, lakini kuinua goti hawezi. Nikamwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa mbio, unaruka pigo, unaanza tena. Majirani wakasema amerogwa.

Hospitalini potasiamu, madini ya damuni yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, ilikuwa 1.9. Wakamwekea kwenye dripu taratibu, na kufikia saa sita mchana akaenda chooni mwenyewe. Vipimo vikaonyesha homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, imezidi, na shingo haijavimba hata kidogo! Anameza kabimazoli ya kutuliza thairoidi na propranololi ya kutuliza mapigo ya moyo. Sasa kwa vile ana nguvu, anataka kuziacha, ati atakula ndizi. Nimwambieje?

Muuguzi, Nakuru:
Pole sana dada. Ndizi hazitamkinga, kwa sababu potasiamu yake haikupotea. Homoni ya thairoidi ikizidi, na insulini, homoni inayoshusha sukari, ikipanda baada ya kula wanga mwingi kama ugali, potasiamu hutoka kwenye damu ikaingia ndani ya misuli. Kawaida kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0, ikishuka alipofika yeye, moyo unaweza kuvurugika hadi usimame. Wala asijinunulie vidonge vya potasiamu: shambulio likipita, iliyoingia kwenye misuli hurudi kwenye damu, na ikizidi nayo inaua. Kinachomlinda ni thairoidi kutulizwa. Na akipata homa na koo kuuma akiwa kwenye kabimazoli, apimwe damu siku hiyo hiyo.

Boda wa Kakamega:
Mimi yamenipata mara mbili. Ya kwanza, kituo fulani kilinitundikia dripu ya glukosi, nikalegea hadi mikono. Baadaye daktari akanieleza kwamba sukari ile ndiyo iliyozidisha. Ya pili niliitafuta mwenyewe: niliacha dawa Desemba nikijiona mzima, nikala chapati za Krismasi, usiku nikashindwa hata kugeuka kitandani. Mke wangu ndiye aliyenigeuza. Ndugu yako asingoje kufika hapo.

Dada wa Nyalenda:
Asanteni sana. Nimemsomea yote, hasa ya huyu wa Kakamega, akaniuliza mara mbili kama ni kweli ni boda. Kliniki ni Alhamisi, nitaenda naye. Leo nimempakulia ugali nusu, amenuna, lakini dawa amemeza.