Tupeane uzoefu: serikali imehamia kwenye simu, je, ukikwama ni nani hukujibu?

Jirani wa Umoja

Wanajukwaa, hamjambo. Vituo vya Huduma, vinavyokusanya huduma za serikali chini ya paa moja, vilipofunguliwa mwaka 2013, na mwaka uliofuata tovuti ya serikali ya eCitizen ikaanza, wengi wetu hapa Nairobi tulishukuru kuepushwa na zile foleni za alfajiri na wale madalali waliokuwa wakitusubiri milangoni pa ofisi. Juni 2023 ikazinduliwa Gava Mkononi, programu ya simu ya huduma hizo, iliyotangazwa kuwa na huduma zaidi ya 5,000, na siku hizi tunalipia huduma za serikali kuu kwa nambari moja tu, 222222. Sina ugomvi na hayo. Ninachouliza ni hiki: pesa hupokelewa papo hapo, lakini ukiwa na swali, au jina lako likikosewa herufi moja, unamwendea nani? Naomba kila mmoja asimulie lililompata yeye mwenyewe, wala si la kusikia, na ofisi iliyomuudhi asiitaje kwa jina, maana hapa hatuko mahakamani.

Mhudumu wa Saiba, Kawangware

Kwetu wananijia mimi. Nina saiba, duka la huduma za mtandao, lenye kompyuta chache na mashine ya fotokopi, sijaajiriwa na serikali, lakini kwa mama anayeuza mboga hapo nje mimi ndiye afisa wa kodi, wa leseni na wa cheti cha kuzaliwa. Kila mwaka tarehe 30 Juni ikikaribia, benchi langu hujaa watu wasio na kazi wala biashara ambao hulazimika kuwasilisha ritani za sufuri, yaani taarifa za kodi za kusema hawakupata kitu, kwa sababu tu wana PIN, nambari ya mlipa kodi, na kwa kuwa faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000, hunilipa bila kunung'unika.

Kujaza fomu si kazi. Kazi ni pale mtu anapofungiwa nje. Majuzi alikuja mzee ambaye akaunti yake ilifunguliwa na mpwa wake kwa laini ya simu ya huyo kijana, na laini yenyewe imeshapewa mtu mwingine. Kila tukiomba namba ya siri ya kuthibitisha, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu tusiyemjua. Tulipiga simu ya huduma kwa wateja, tukaambiwa tuandike barua pepe. Barua pepe ikajibiwa na mashine iliyotuelekeza tuingie kwanza kwenye akaunti, ile ile tuliyofungiwa. Mzee akatoa kitambulisho chake, ambacho nyuma yake alikuwa amebandika kikaratasi chenye nywila kwa gundi ya karatasi, akaniuliza kama ningeweza kukaa nayo dukani ili asisumbuke tena. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na bado watu hunikabidhi nywila kama anavyoachiwa jirani ufunguo wa nyumba. Mimi sizipokei, ila nawajua wenzangu walio na daftari zima.

Mnubi wa Kibera

Mhudumu anawasemea wenye akaunti. Sisi tunaanzia nyuma zaidi, kwa kuwa akaunti haifunguki bila kitambulisho, na kwa miaka mingi kijana wa Kinubi, jamii yetu yenye asili ya Sudan, hakupata kitambulisho kabla ya kuhojiwa na kamati: lete cheti cha babu yako, lete mzee wa kukushuhudia. Usajili wa Huduma Namba, nambari moja ya utambulisho kwa kila mtu, ulipotufikia Aprili na Mei 2019, binti ya kaka yangu alikuwa bado anazungushwa, huku tukiambiwa kwamba asiyeandikishwa atakosa huduma.

Ndipo Nubian Rights Forum, shirika la kututetea Wanubi, na wenzao walipokwenda Mahakama Kuu. Januari 2020 mahakama ikazuia kukusanywa kwa DNA na kurekodiwa kwa mahali hasa mtu anapoishi kupitia setilaiti, ikaagiza kwamba mpango usiendelee kabla ya kuwekwa kanuni za kutosha. Oktoba 2021 mahakama hiyo hiyo ikabatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Hatukupata jibu kwa kubonyeza simu, tulilipata kwa jaji.

Kijana wa Roysambu

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe, ila 2024 tulijibiwa bila jaji. Mswada wa Fedha, wa kuongeza kodi, ulipotoka, watu waliutafsiri kwa lugha za nyumbani na kuueleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, na nambari za wabunge zikasambazwa hadi baadhi yao wakalalamika kwamba simu zao hazishikiki. Mimi nilimwandikia wangu kwa WhatsApp kuhusu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 iliyopendekezwa kwenye mkate. Alama mbili zikageuka buluu, basi. Juni 25 wakaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Alasiri ile intaneti ikazorota, waandamanaji wakaingia Bungeni, na wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini, na Julai 5 akaja mwenyewe kuzungumza nasi moja kwa moja kwenye X.

Kwa maoni yangu mtandao ulitukusanya tu. Walioleta jibu ni watu waliosimama barabarani. Na kusikika kuna gharama yake. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji na watu kutoweka, kwa hiyo siku hizi nikiandika jambo huliacha kwanza lilale kwenye simu.

Karani wa Uchaguzi 2022

Nami nitoe la kheri. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni Fomu 34A, zile za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000, kila mtu ajisomee na ajumlishe apendavyo. Nilihudumu katika kituo kimoja cha Embakasi. Fomu tuliyoishuhudia ikitiwa saini niliiona kwenye simu yangu ikiwa na mwandiko wa msimamizi wetu, hasa ile saba yake anayoikata katikati, na doa la wino pembeni. Hapo sikuhitaji kumuuliza mtu. Kama zabuni zingewekwa wazi namna hiyo, nusu ya malalamiko ya uzi huu yasingekuwapo.

Mama Donholm

Karani, zabuni ndiyo habari yangu. Mtaani kwetu mtaro ulifukuliwa ukaachwa wazi, watoto wakawa wanauruka kwenda shule. Tuliandika kwenye ukurasa wa ofisi husika, tukatumiwa moyo mwekundu na maneno "asante kwa mrejesho". Binti yangu anayesomea sheria akaniambia niache ukurasa huo, nitumie Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016. Nikaandika barua, nikaomba nakala ya mkataba, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Sheria inawapa siku 21, na pale ambapo uhai au uhuru wa mtu umo hatarini, saa 48. Siku zikapita kimya. Nikapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia sheria hiyo, na baadaye mkataba ukaja, wenye jina la mkandarasi, kiasi cha fedha na tarehe ya kumaliza kazi. Mtaro haujafunikwa bado, lakini mwakilishi wetu wa wadi sasa hawezi kutuambia kwamba hazijatengwa fedha.

Mhudumu wa Saiba, Kawangware

Mama, je, mzee wangu anaweza kutumia njia hiyo? Kiingereza hakijui, na kuandika kwenyewe kunamshinda.

Mama Donholm

Anaweza, mwanangu. Ibara ya 35 ya Katiba inampa pia haki ya kusahihishiwa taarifa isiyo ya kweli inayomhusu, na ile laini ya simu ni taarifa ya namna hiyo. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika hulieleza kwa mdomo, afisa wa taarifa akaliandika na kumpa nakala. Aende na kitambulisho, ila kile kikaratasi akibandue kwanza.