Ushauri: maada nyeusi haigusani na mwanga, mbona wasema yaupinda?

Mshonaji_Kisauni: Assalaam alaykum jamani. Binti yangu yuko kidato cha tatu, kachagua maada nyeusi, ile maada isiyoonekana huko angani, kwa maonyesho ya sayansi shuleni. Kwenye bango kaandika: haitoi mwanga, haiuakisi, haiufyonzi. Chini yake tu kaandika iligunduliwa kwa vile inapinda mwanga. Mwalimu kamwambia ajipinga mwenyewe, atafute mada nyingine. Toka jana kanuna, chakula hataki. Abadilishe au kuna jibu?

Fundi_Majengo: Asibadilishe! Yote mawili ni kweli. Kwa kadiri ipimwavyo, maada nyeusi haina chaji ya umeme, kwa hivyo mwanga hauna habari nayo, wapita katikati yake mzima mzima. Lakini ina uzito, na uzito hupinda nafasi yenyewe ambamo mwanga wapita. Einstein aliyasema hayo 1915. Mwaka 1919 jua lilipopatwa, mwanaastronomia Eddington alikuwa kisiwa cha Príncipe, huku huku Afrika, akapiga picha nyota za karibu na ukingo wa jua. Zilionekana zimesogea kidogo. Na jua si maada nyeusi, sivyo? Chochote chenye uzito hupinda mwanga.

Yakhe_Kibokoni: Kwani hii si ndiyo shimo jeusi?

Fundi_Majengo: La. Shimo jeusi humeza mwanga. Hii haimezi kitu, hata kivuli haina.

Mstaafu_Tudor: Mwalimu kakosea, ila bango nalo lina kasoro. Mwanaastronomia Zwicky alishuku kuwa maada hiyo ipo mwaka 1933, kwa kuangalia mwendo wa galaksi (mikusanyiko mikubwa ya nyota) kwenye kundi la galaksi liitwalo Coma: zaenda mbio mno kuzuiwa na uzito unaoonekana. Kupinda kwa mwanga kulikuja kutumika baadaye, kuchora ramani ya ulipo huo uzito. Afute "iligunduliwa", aandike "hupimwa".

Kisha aweke picha ya Bullet Cluster. Makundi mawili ya galaksi yaligongana, gesi ya moto ikakwama katikati, na hiyo huonekana kwa eksirei. Sasa pima mwanga wa galaksi za nyuma ulivyopindwa: uzito mwingi hauko kwenye gesi, uko pande mbili, ulishapita zamani; huo ndio wa maada nyeusi. Matokeo hayo yalitoka 2006. Mimi ningeanza na picha hiyo, hayo maelezo mengine yafuate.

Mshonaji_Kisauni: Mashaallah, shukran. Ataka na kitu cha kuonyesha kwa mikono, si karatasi tupu.

Yakhe_Kibokoni: Glasi yenye mguu! Weka kitako chake juu ya karatasi ya grafu, mistari yote yapinda. Ukisogeza juu ya nukta, nukta yageuka pete.

Mstaafu_Tudor: Umbo ni lile lile linaloonekana kwenye picha za darubini, kwa hilo nakubali. Ila wakimuuliza awe tayari: kioo huupinda mwanga kwa kuwa wapita ndani ya kioo, na buluu hupindwa zaidi ya nyekundu. Uvutano hupinda rangi zote sawasawa. Hilo aliandike kwa herufi kubwa kando ya glasi, kabla mwalimu hajauliza.