Naomba ushauri: filamu ya Where the Wild Things Are kwa watoto wa Gredi ya 2

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Kisumu. Ninasimamia kipindi cha hadithi cha watoto wa Gredi ya 2, ambao wamekipenda mno kitabu cha Maurice Sendak cha mwaka 1963, kinachosomeka kwa dakika chache tu. Sasa wanaidai filamu yake ya 2009, iliyoongozwa na Spike Jonze, ambayo inapita saa moja na nusu na, kwa maoni yangu, imejaa huzuni ya watu wazima. Kuna hata zimwi linalomng'oa mwenzake mkono. Nimewaonyesha mwanzo pekee, wengine wakanyamaza, wengine wakataka iendelee. Je, niwachagulie sehemu, au wasubiri wakue? Na kwa wasiofuata Kiingereza vyema, nisimulie wakati gani?