Kiraka cha ngozi au flapu ya paji? Mjomba ana shimo puani, jibu linatakiwa Jumatatu

Mwana_Mikindani
Wakuu habari za jioni. Mjomba wangu katolewa kitu puani sasa pamebaki shimo linatakiwa kuzibwa. Daktari katupa njia mbili, wampandikize kiraka cha ngozi hapahapa Mtwara, au twende Dar wakate ngozi ya paji la uso waishushe puani, wenyewe wanaita flapu. Kiraka ni thieta mara moja, flapu mara mbili, bado nauli na pa kulala. Ipi bora kwa waliopitia?

Korosho_Ghafi
Kiraka. Dar mtamaliza hela ya mnada wote wa korosho kwenye bajaji na chipsi.

Nesi_Mstaafu_Lindi
Mwanangu hujasema kitu bado. Shimo kubwa kiasi gani? Liko nchani, kwenye bawa la pua au juu karibu na macho? Ukiangalia ndani ni nyama nyekundu tupu au kuna kitu cheupe? Umri? Sukari? Anavuta? Na hicho "kitu" kilichotolewa kilikuwa nini?

Mwana_Mikindani
Shikamoo mama. Kama sarafu ya mia mbili hivi, kuanzia nchani kushuka bawa la kushoto. Cheupe kipo kidogo katikati. Ana 58, sukari hana. Sigara havuti, ugoro tu.

Nesi_Mstaafu_Lindi
Marahaba. Ugoro kwenye pua hiyohiyo??

Mwana_Mikindani
Siku hizi kahamia tundu la kulia mama 😂

Nesi_Mstaafu_Lindi
Aache leo, ugoro nao una nikotini, unabana mishipa ya damu na ngozi iliyohamishwa inaweza kufa ikawa nyeusi tii mnaiangalia. Sasa sikia. Kiraka hakiji na damu yake, kinanyonya kutoka chini kinapokaa mpaka mishipa iingie, ndiyo maana wanakishonea furushi la pamba juu siku tano mpaka saba kisicheze. Hicho cheupe ni gegedu, ule mfupa laini wa pua, likiwa wazi bila utando wake halina damu ya kulisha kiraka. Flapu inakuja na mshipa wake haujakatwa, hata pasipo na rutuba inaishi. Kwa ukubwa huo na mahali hapo wengi wangekwenda na paji.

Chikongola_Boy
Mimi naongea kwa machungu wakuu, msikubali kiraka. Niliungua shavu nikiwa kijana, tunabangua korosho nyumbani, unajua zile za kuchoma kwenye bati, ganda likipata moto linarusha mafuta, likanirukia chini ya jicho. Hospitali moja (siitaji) wakanichuna ngozi ya paja wakanibandika. Paja ndio liliniuma kuliko uso, shuka linagandia unaamka unalia. Kikashika vizuri, nikashangilia. Miezi ikapita kikaanza kujikunja na kuwa cheusi kuliko uso wangu wote, kope ya chini ikavutwa ikapinduka nje, ule wekundu wa ndani unaonekana. Nalala jicho wazi. Machozi yanatiririka mchana kutwa, naenda msiba wa mtu hata simjui naonekana nalia kuliko wafiwa, mama mmoja akaniuliza marehemu alikuwa nani yako. Mpaka nikaenda Muhimbili wakafungua lile kovu wakaweka ngozi ya nyuma ya sikio, hapo ndo jicho likafunga.

Nesi_Mstaafu_Lindi
Pole sana, ila umejijibu mwenyewe. Ngozi ya nyuma ya sikio nayo ni kiraka! Ya paja huwa wanachuna nyembamba, hiyo ndiyo inasinyaa na kubadilika rangi. Ya nyuma ya sikio au juu ya mtulinga inachukuliwa unene wote, haijikunji sana na rangi inakaribiana na ya uso. Mwana_Mikindani kamuulize daktari kiraka cha wapi.

Chikongola_Boy
Sawa mama lakini mimi neno kiraka silitaki tena.

Dada_wa_Masasi
Baba yangu alifanyiwa hiyo ya paji. Matokeo mazuri sana, ila jiandaeni kisaikolojia maana hawakati siku hiyohiyo, kipande kinaning'inia kutoka kwenye nyusi mpaka puani kama mkonga, wiki tatu ndio wanakuja kukikata. Miwani haikai. Wajukuu walikuwa wanakimbia, halafu wakazoea wakawa wanagombania nani alale na babu tembo. Na paji lake ni fupi kwa hiyo walichukua na kipande chenye nywele, sasa hivi ananyoa ndevu akimaliza ananyoa na pua 😅

Mzee_Kumbukumbu
Hiyo si ya kisasa, asili yake India. Jarida moja la London mwaka 1794 liliandika habari za mwendesha magari ya ng'ombe wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua vitani, fundi wa kienyeji akamtengenezea nyingine kwa ngozi ya paji.

Korosho_Ghafi
Kwa hiyo Wahindi walianza na pua ndo wakaja kwenye korosho zetu 😂

Mzee_Kumbukumbu
Usilete utani, ghafi zetu wanabangua wao hadi leo.

Dada_wa_Masasi
Jamani tusihame. Mwana_Mikindani, mama kakuuliza kilichotolewa ni nini, umeruka.

Mwana_Mikindani
Samahani. Mjomba ni mwenye ualbino. Kilianza kama kipele cha jua, kikawa kidonda kinakauka na kutoka damu, kama miaka miwili hivi. Nyama ilipelekwa maabara, majibu bado.

Nesi_Mstaafu_Lindi
Hapo ndipo ungeanzia! Huo mchezo wa kiraka na flapu uweke pembeni. Kwenye ngozi isiyo na kinga ya jua kidonda kisichopona ni saratani ya ngozi mpaka maabara ikatae. Muulizeni daktari: kingo za ile nyama ziko safi, yaani hazina saratani, pande zote na chini? Kama kuna kilichobaki mkafunika na paji, kinaota chini ya ngozi nene hamkioni, na paji mmeshalitumia. Kidonda kikisafishwa na kufungwa vizuri kinaweza kusubiri majibu, hakuna Jumatatu hapo.

Chikongola_Boy
Na kofia pana mama, kuna ile losheni ya kukinga jua, Kilisun, wanatengeneza hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya wenye ualbino.

Nesi_Mstaafu_Lindi
Hiyo apake hata kivuli kikiwepo. Na shamba aende alfajiri, saa nne awe karudi.

Korosho_Ghafi
Msimu huu nani anarudi saa nne? Okota korosho uone.

Mwana_Mikindani
Nimeongea naye sasa hivi. Kasema majibu atasubiri, ila mkonga hautaki kabla ya mwezi wa 12, kuna harusi ya mpwa wake na yeye ndiye wa kukaa mbele kupokea wageni. Ugoro kasema atapunguza.

Nesi_Mstaafu_Lindi
Kupunguza??

Dada_wa_Masasi
Baba alikwenda na mkonga wake kwenye mahafali, picha tunazo.

Mwana_Mikindani
Nitamwonyesha mjomba, nitumie inbox dada. Halafu mabasi ya Dar ya alfajiri bado yanapita Mikindani au mpaka tupande stendi?